Je, Wajua? Nguo na Vifaa vya Kuikabili Mvua ya Usambara

Je, wajua kwamba mwendo wa kilomita 33 hivi unatosha kukutoa kwenye joto kali na kukuingiza kwenye baridi ya kuvaa sweta? Mombo, kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, iko mita 400 na ushei tu juu ya usawa wa bahari. Pale standi abiria hujipepea kwa gazeti na kununua maji ya baridi. Gari likishakata kona na kuanza kupanda kupitia Soni, hewa inabadilika. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, msitu wa Magamba uko juu zaidi, na vilele virefu vya Usambara Magharibi vinavuka mita 2,200. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Siku ambayo Mombo kuna nyuzi 30, kwenye vilele hivyo unaweza kukuta 19, na hapo mvua bado haijanyesha. Usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kali kuliko Mtanzania wa pwani anavyotarajia.

Wageni wengi hufungasha mizigo kwa kufuata joto la Mombo. Walimu wanaowapeleka wanafunzi Irente au Magamba nao hufanya hivyo hivyo, na hili linaniumiza zaidi, kwa sababu mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima.

Je, wajua kwamba baridi inaweza kuua mahali ambapo theluji haijawahi kuanguka? Mwili wa binadamu hufanya kazi kwenye nyuzi 37 hivi. Ukishuka chini ya 35, hiyo ni hali ya hatari kitabibu. Kufika huko hakuhitaji barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo mtu aliyelowa chapachapa, anayepigwa na upepo kwenye ukingo wa milima huko Mtae au Mambo, mwenye njaa na uchovu, anaweza kuzidiwa hata kipimajoto kikisoma nyuzi 10 au zaidi. Dalili za kwanza ni kutetemeka na vidole kushindwa kufunga zipu. Baadaye mtu hujikwaa ovyo, maneno yanamtoka kwa shida, anakuwa mkaidi au anataka tu akae chini apumzike. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na amelowa, usifikiri amepata nafuu. Mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha joto. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mvishe kavu, mkinge na upepo, mlaze juu ya kitu kisichopitisha baridi ya ardhi, na utafute msaada.

Je, wajua kwamba kwa kupanda mlima wakati wa mvua, jezi ya Coastal Union ni nguo bora kuliko fulana nzuri ya pamba? Mashabiki wa timu hiyo, Wagosi wa Kaya, watafurahi, lakini Simba na Yanga nao wamo. Jezi nyingi za mpira hufumwa kwa nyuzi za poliesta, na uzi wa poliesta wenyewe haunywi maji hata kufikia asilimia moja ya uzito wake. Maji hukaa katikati ya nyuzi, ukiikamua yanatoka, na joto la mwili linamalizia kuikausha. Pamba hunywa maji hadi ndani ya uzi, ikashikamana na ngozi na kukaa mbichi kwa masaa. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kuliko zote: ikilowa inakuwa nzito, inabana magoti kwenye mpando, na usiku mmoja wa Lushoto hautoshi kuikausha.

Sufu ina maajabu yake. Inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa bado inatunza joto kiasi. Sweta za shule zinazofumwa kwa mashine mara nyingi ni za akriliki, ambayo nayo hainywi maji mengi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye sweta la shule juu ya jezi, na koti la mvua juu ya vyote viwili, amevaa vizuri kuliko mtalii mwenye fulana tatu za pamba.

Je, wajua kwamba kiberiti kinaweza kukuambia nguo ya mtumba imefumwa kwa nini? Nguo nyingi za mitumba hufika sokoni zikiwa zimekatwa lebo au maandishi yamefutika, na muuzaji atakuambia kila sweta ni sufu. Ukishalipa, au akikuruhusu kabla, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano na uuguse kwenye moto. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na ukiuondoa moto huzimika yenyewe. Masalia yake ni kaa jeusi linalosagika kati ya vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huganda kuwa kidonge kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Kwa jaribio hili unaweza kuchambua rundo zima la sweta na kutoka na moja la sufu halisi, kwa bei ile ile ya mengine.

Koti la mvua la mtumba nalo lina kipimo chake. Ligeuze ndani nje na uangalie kwenye mishono. Likiwa na utepe uliogandishwa juu ya kila mshono, lilishonwa kwa ajili ya mvua kweli. Utepe ukiwa umebanduka, maji yataingilia mabegani, kwenye mikanda ya begi. Dondoshea matone machache ya maji upande wa nje. Yakisimama kama shanga na kubingirika, koti lina uhai. Yakitawanyika na kuacha doa jeusi, usilitupe bado. Mara nyingi mabaki ya sabuni ya unga ndiyo yanayolifanya livute maji. Suuza mara kadhaa kwa maji matupu, likauke, kisha lipige pasi ya uvuguvugu, huku ukiweka kitambaa katikati. Joto hilo huamsha ile dawa ya kiwandani inayosukuma maji.

Je, wajua kwamba koti la mvua la kisasa lilianzia kwenye mpira? Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alisajili haki ya kubandika vitambaa viwili kwa mpira ulioyeyushwa. Mpira huo huo uliwahi kuleta tamaa kubwa chini ya milima yetu: wakati wa utawala wa Wajerumani, walowezi walipanda mashamba ya mpira upande wa Tanga, hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913 na mkonge ukaendelea kutawala. Koti la Macintosh lilizuia mvua, lakini jasho nalo halikuwa na pa kutokea. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani alivuta kwa ghafla plastiki iliyopashwa moto akapata utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Ndio msingi wa Gore-Tex.

Hapa kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Mvuke hutoka kwenye koti iwapo hewa ya nje ni kavu kuliko ile ya ndani. Ndani ya msitu wa Magamba, ukungu ukiwa umetanda, hewa imeshashiba unyevu, na mvuke wa mwili wako hutoka kwa shida. Mpandaji wa koti la dola mia kadhaa na dereva wa bodaboda mwenye koti zito la plastiki wote watalowa kwa ndani wakienda kasi. Dawa ni mwendo. Anza safari ukihisi baridi kidogo, vua sweta kabla hujatoka jasho na sio baada, fungua zipu shingoni na kwapani kwenye mpando, na ulivae sweta tena mara tu unaposimama. Koti la bodaboda na suruali yake, kwa bei yake, nalipendekeza bila kusita kwa safari ya siku moja.

Je, wajua kwamba Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro alisafiri na mwavuli? Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa, alikwenda Uchaga mwaka 1848, na anakumbukwa kwa kubeba mwavuli mahali ambapo wengine wangebeba bunduki. Mwaka huo huo mwenzake Ludwig Krapf alipanda Usambara kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala ambaye watu wake waliamini ana uwezo juu ya mvua. Mwavuli bado una nafasi yake. Kwenye njia pana za vijijini, upepo ukiwa umetulia, unakukinga bila kukutoa jasho. Ukifika kwenye ukingo wa mlima ufunge, kwa sababu upepo utaupindua na wewe unahitaji mikono yote miwili.

Je, wajua kwamba kwenye milima ya Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, wapandaji hutembea na gambuti? Njia zake zimejaa matope na vinamasi, na buti za ngozi hushindwa. Mkulima wa Usambara analijua hilo siku zote. Udongo mwekundu wa huku ni wa mfinyanzi. Ukilowa huteleza kuliko sabuni, na soli iliyolika au raba ya mjini haina kazi hapo. Chagua gambuti zenye meno marefu, namba moja zaidi ya kawaida, ujaze nafasi kwa soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje ya sufu. Suruali ya mvua ishuke juu ya gambuti. Ukiichomeka ndani, maji yatateremka nayo hadi kwenye vidole. Mvua ikikatika hali inageuka: sasa chomeka suruali ndani ya soksi au gambuti, kwa kuwa ardhi ikilowa siafu hutoka kwa misururu kukatiza njia, na ukiwakanyaga bila kuwaona utajua wamefika kiunoni tayari. Katambuga ni imara, ila kwenye tope mguu huteleza juu ya kiatu chenyewe. Kata pia kucha za vidole vya miguu kabla ya kuteremka kutoka Mtae kuelekea nyika.

Fimbo ni kifaa muhimu kuliko vingi vya dukani. Iwe ya kukufika kifuani, upime nayo kina cha tope kabla ya kuweka mguu.

Je, wajua kwamba katazo la mifuko ya plastiki lilibadilisha hata namna ya kufungasha begi? Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya kubebea bidhaa ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania, na mpandaji hawezi tena kuokota mifuko jikoni na kuzisokota nguo zake humo. Kava la begi peke yake halitoshi, kwani maji hupitia mgongoni. Suluhisho la bei nafuu ni vyombo vya plastiki vya chakula vyenye kifuniko cha kubana: kimoja cha simu na fedha, kingine cha kiberiti na mshumaa. Nguo kavu, yaani sweta, soksi na kofia, ziviringishwe ndani ya kipande cha turubai jepesi. Kipande hicho hicho kitakuwa paa mkikwama. Nguo hizo kavu zisiguswe njiani hata ukilowa kiasi gani. Ni za kuvaa ukifika, au za kumvisha aliyezidiwa.

Je, wajua kwamba katika kikombe cha chai ya moto, sukari inakupa joto kuliko moto wa chai? Kikombe cha robo lita chenye nyuzi 60 kinauachia mwili kalori 6 hivi. Vijiko viwili vidogo vya sukari humo vinaupa zaidi ya 30. Kutetemeka ni kazi nzito ya misuli, na misuli inataka wanga: ndizi mbivu, viazi vitamu, chapati. Kula kidogo kidogo kila saa, hata huna njaa. Pombe iache kabisa. Inapanua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku mwili unapoa.

Na ile habari kwamba nusu ya joto hupotelea kichwani? Si kweli. Imani hiyo inahusishwa na majaribio ya jeshi la Marekani ya miaka ya 1950, ambapo watu walifunikwa mwili mzima wakaachwa vichwa wazi. Kichwa hupoteza joto kulingana na ukubwa wake, karibu asilimia 10. Kofia ya sufu bado ibebe, kwa kuwa ni nyepesi na inavaliwa kwa sekunde moja.

Je, wajua kwamba ndani ya msitu unaweza kulowa bila mvua kunyesha? Ukungu unaotoka Bahari ya Hindi hugota kwenye majani na ndevu za kuvumwani mitini, hukusanyika kuwa matone na kudondoka. Koti livaliwe mara tu unapoingia chini ya miti ya Magamba asubuhi, hata kama mji wa Lushoto una jua.

Ukungu huo huo huficha njia na huwahisha giza. Jua la Lushoto huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 jioni mwaka mzima, na baada ya hapo mwanga hukaa dakika 20 hivi tu. Tochi ya kichwani iwe na betri mpya, na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi hunyonya chaji. Filimbi husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka. Ishara ya kuomba msaada mlimani, inayotumika tangu karne ya 19 huko Alps, ni milio sita ndani ya dakika moja, kimya cha dakika moja, kisha unarudia. Anayejibu hupuliza mitatu. Huku Usambara vijiji viko karibu, na mkulima akisikia filimbi au yowe kutoka bondeni atakuja hata kama hajui hesabu hiyo. Panapo mtandao, namba ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kabla hujaondoka, mwachie mwenyeji wako jina la njia unayopita, idadi yenu, na saa ambayo, msiporudi, aanze kuwatafuta.