Fahamu: Kwa nini helikopta ndizo zilizopigania Mocímboa da Praia

Waasi walioiteka bandari ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, Agosti 2020 hawakuwa na ndege hata moja. Ndiyo maana zile ndege za kasi, zilizoundwa kuwinda ndege za adui, hazikuwa na kazi pale. Ndege kubwa za kudondosha mabomu nazo, juu ya mji wenye raia, ni maangamizi matupu.

Kilichofaa ni helikopta: huruka chini, huelea juu ya askari waliozidiwa, huokoa majeruhi. Serikali ilikodi kampuni ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group, iliyotumia Gazelle, helikopta nyepesi ya Kifaransa. Lakini zilitokea mji wa Pemba, hukohuko Msumbiji, takriban kilomita 180 kwa njia ya anga, na ilibidi zirudi huko kujaza mafuta.

Machi 2021 Amnesty International iliishutumu kampuni hiyo kwa kumimina risasi na kudondosha maguruneti kwenye umati bila kubagua. Kampuni iliahidi uchunguzi. Shutuma hizo ni nzito mno kupuuzwa: ukiwa angani, mvuvi anayekimbia na muasi anayekimbia hufanana.

Mji ulikombolewa Agosti 8, 2021, na vikosi vya Rwanda na Msumbiji.