Plastiki inayoyeyuka majini huenda wapi?

Katika hospitali za Uingereza, shuka zilizochafuliwa na mgonjwa mwenye maradhi ya kuambukiza hutiwa katika mfuko unaofanana na wa plastiki ya kawaida. Mfuko huo huingizwa katika mashine ya kufulia bila kufunguliwa. Maji yanapopata moto huyeyuka, shuka zikafuliwa, na mfanyakazi hajazigusa.

Mfuko huo umetengenezwa kwa polivinili alkoholi, iliyoundwa nchini Ujerumani mwaka wa 1924 na wanakemia Willy Herrmann na Wolfram Haehnel. Hiyo ni polima, yaani molekuli ndefu mithili ya mnyororo wenye pingili nyingi. Plastiki ya mifuko ya kubebea bidhaa, iliyopigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 2017, haipatani na maji. Pingili za polivinili alkoholi, kinyume chake, zina oksijeni na hidrojeni zilizopangika kwa namna inayoyavuta maji.

Jina lake lisimpotoshe msomaji, kwani haileweshi. Hutengenezwa kutokana na polivinili asetati, ile iliyomo katika gundi nyeupe ya maseremala, kwa kuondoa sehemu za asetati. Kiasi kinachoondolewa ndicho huamua tabia yake. Zikiondolewa asilimia 88 hivi, huyeyuka hata katika maji baridi. Zikiondolewa zaidi ya asilimia 98, minyororo hushikamana kwa nguvu na huhitaji maji ya moto. Ndiyo maana mfuko wa hospitali hauyeyuki kwa unyevu wa shuka.

Viwanda vya nguo huitumia kuupaka uzi ili usikatike mtamboni, kisha huioshea mbali. Viwanda vya karatasi huitumia kuzuia mafuta yasipenye.

Matumizi yaliyozua mabishano ni vifuko vya sabuni ya kufulia, ambavyo hutiwa pamoja na nguo na kuyeyuka. Kuyeyuka si kuoza. Chumvi ikiyeyuka majini bado imo, na polima hii vivyo hivyo. Huvunjwavunjwa na bakteria maalumu, ambao hustawi katika mitambo ya kusafisha majitaka iliyozoea kuipokea.

Mwaka wa 2021, watafiti wa Marekani walikadiria kwamba takriban robu tatu ya polima itokayo katika vifuko hivyo nchini humo hubaki katika mazingira. Watengenezaji walipinga, wakitaja vipimo vinavyoonyesha kuwa huoza, na kwamba utafiti ulifadhiliwa na kampuni inayouza sabuni isiyo na vifuko. Mwaka wa 2023, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira lilikataa ombi la kutaka polima hiyo ichunguzwe upya, likisema ushahidi haukutosha.

Ubishi huo wote unahusu nchi ambako maji ya kufulia kwa kawaida hupitia mtamboni. Yanapomwagwa mtaroni na kuteremka moja kwa moja hadi mtoni, polima hiyo haipitii kamwe mahali palipoandaliwa kuivunja.