Ralikrosi yamezwa na kanuni zake: Funzo kwa mwenye gari la biashara

TANDAHIMBA

MASHINDANO ya dunia ya ralikrosi, yaani mbio fupi za magari kwenye viwanja vyenye lami upande mmoja na vumbi upande mwingine, yalifungwa mwishoni mwa msimu wa 2025 baada ya kuendeshwa kwa miaka 12. Madereva walikuwapo na magari yalikuwapo. Kilichopungua ni watu waliokuwa tayari kuweka fedha zao katika gari ambalo kanuni zake zilibadilika kabla mtaji haujarudi.

Tandahimba hakuna uwanja wa ralikrosi. Lakini habari hii inawahusu wafanyabiashara wa uwanda wa juu wa Makonde kuliko inavyoonekana. Kila msimu wa malipo ya korosho, sehemu kubwa ya fedha hugeuka kuwa magurudumu: bodaboda, Noah ya abiria au Fuso la kubebea mzigo kwenda Mtwara. Katika mnada wa kwanza wa chama kikuu cha TANECU, Oktoba 2024, bei ya juu ilifika shilingi 4,120 kwa kilo ya korosho ghafi. Bei ya namna hiyo huamsha wauza magari kutoka Dar es Salaam hadi Masasi.

Mnunuzi huuliza bei. Ni wachache wanaouliza mambo mengine matatu: nani anauza spea, nani anatunga kanuni, na nani atashika usukani. Ukifuatilia historia ya mbio za magari, utaona kuwa ni hayo matatu yaliyoamua nani abaki na nani afunge gereji.

Mchezo ulioanza kwa bei nafuu

Ralikrosi ilizaliwa Uingereza, kwenye uwanja wa Lydden Hill, Februari 4, 1967. Ilibuniwa kwa ajili ya televisheni. Watu wa rali walikuwa na magari na madereva, lakini mbio zao zilipita misituni usiku ambako kamera haziwezi kufuata. Hivyo magari yaliletwa uwanjani, yakashindana mizunguko michache mbele ya watazamaji, na kila mmoja akarudi nyumbani jioni.

Kwa mwenye kipato cha kawaida huo ulikuwa mchezo wa kumudu. Mbio zilikuwa fupi, mafuta kidogo, matairi machache, na fundi mmoja mwenye bidii aliweza kulifanya gari lirudi uwanjani wiki iliyofuata. Kwa miongo kadhaa ralikrosi ya Ulaya ilibebwa na timu za familia.

Mwaka 2014 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliupa mchezo huo hadhi ya ubingwa wa dunia. Makampuni makubwa yakavutiwa. Audi, Volkswagen na Peugeot zikaingia na fedha zao, na gharama ya kushinda ikapanda. Timu ndogo zikajikuta zinashindana na wahandisi wa viwanda vizima.

Umeme waingia, wenye fedha watoka

Makampuni hayo yalikuja yakitazamia kuwa mchezo utahamia kwenye magari ya umeme. Mpango ukapangwa, ukasogezwa mbele. Mwisho wa mwaka 2018 Peugeot ilijitoa, na kuchelewa kwa mpango huo kulikuwa miongoni mwa sababu. Audi na Volkswagen nazo zikaondoka. Wakubwa wakawa wameacha gharama zao nyuma, wadogo wakabaki nazo.

Umeme ulipofika hatimaye mwaka 2022, daraja la juu lililazimishwa kutumia mtambo wa aina moja, uliotengenezwa na kampuni moja, Kreisel Electric ya Austria. Nguvu yake ilikuwa kilowati 500, takriban nguvu za farasi 680. Katika karatasi hesabu ilikuwa nzuri: mtambo mmoja kwa wote huzuia tajiri kununua ushindi. Lakini upande wa pili wa hesabu ni kwamba mwenye timu hana pa kukimbilia. Kifaa kikileta matatizo, wote wanasimama.

Ndivyo ilivyotokea. Julai 2023, hapo hapo Lydden Hill, moto ulizuka katika eneo la timu na kuteketeza magari mawili ya Lancia ya umeme ya timu ya Special ONE Racing. Mashindano hayo yalifutwa. Daraja la juu likasimamishwa wakati uchunguzi ukiendelea, na msimu ukamaliziwa kwa magari ya daraja la chini, ikiwa ni pamoja na mbio za Cape Town, Afrika Kusini. Timu zilizokuwa zimelipia mitambo ya bei mbaya zikakaa na mali isiyozalisha.

Mwaka 2024 kanuni zikageuka tena: magari ya umeme na ya injini za kawaida yakaruhusiwa kushindana pamoja. Mwaka uliofuata ukawa wa mwisho kwa ubingwa huo. Ndani ya misimu minne mwenye timu alikuwa ameambiwa anunue umeme, asimamishe umeme, achanganye, kisha afunge.

Rali nayo yarudi nyuma

Wale wa ubingwa wa dunia wa rali walionja kitu kama hicho. Mwaka 2022 magari ya daraja la juu yaliwekewa mtambo wa haibridi, yaani mota ya umeme ya kilowati 100 inayosaidiana na injini ya petroli. Hapa pia msambazaji alikuwa mmoja, Compact Dynamics ya Ujerumani. Boksi la mtambo lilifungwa kwa lakiri na fundi wa timu hakuruhusiwa kulifungua. Likipata hitilafu, linarudishwa kwa mtengenezaji.

Magari hayo yalipita Naivasha katika Safari Rally ya Kenya ya 2022, 2023 na 2024. Mwanzoni mwa 2025 haibridi iliondolewa, na uzito wa chini wa gari ukashushwa kwa kilo 80. Kwa kanuni mpya za mwaka 2027, FIA iliweka ukomo wa bei ya gari kuwa Euro 345,000. Ni fedha nyingi, lakini maana yake iko wazi: watunga kanuni wenyewe walikubali kwamba bei ilikuwa inafukuza wateja.

Siku za Joginder na Shankland

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake kuhusu jambo hili. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliishinda kwa Volvo PV544 ambalo lilikuwa gari la mkono wa pili, lililokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Makampuni yaliyokuja na magari mapya kutoka Ulaya yaliachwa nyuma.

Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Dar es Salaam. Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Gari hilo halikuwa la ajabu. Lilikuwa aina ile ile iliyobeba abiria na mizigo katika miji ya Afrika Mashariki. Spea zake zilipatikana, mafundi wake walikuwapo, na udhaifu wake ulijulikana kabla halijaingia mashindanoni.

Baadaye madereva wa kujitegemea wa Kenya, Uganda na Tanzania waliegemea Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution. Yalikuwa magari yanayotokana na yale ya barabarani, na biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani ilirahisisha spea. Lakini Mitsubishi iliacha kutengeneza Lancer Evolution mwaka 2016. Tangu hapo mwenye gari hilo anashindana pia na saa: kila mwaka spea za asili zinapungua. Wenye uwezo wamehamia kwenye magari yaliyoundwa mahsusi kwa mbio, kama Ford Fiesta ambalo Karan Patel wa Kenya alilitumia kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2022 na 2023.

Usukani una bei yake

Suala la tatu ni uendeshaji. Katika ralikrosi magari hugusana kona hadi kona. Ndiyo maana wasimamizi hutazama picha za video na kumwadhibu anayemsukuma mwenzake kwa makusudi, kuanzia onyo hadi kufutiwa matokeo. Nyuma ya adhabu hizo kuna hesabu pia: bampa lililovunjwa na mwenzako linalipwa na wewe.

Aidha, vifaa vya elektroniki vya kuzuia magurudumu kuteleza vimepigwa marufuku katika daraja la juu, ili mguu wa dereva ndio uamue. Johan Kristoffersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia mara nane, kwa magari ya petroli na kwa ya umeme. Mtambo ulibadilika, dereva akabaki yule yule.

Safari Rally inafundisha hivyo hivyo kwa njia nyingine. Mwaka 2022 na 2023 Toyota ilishika nafasi ya kwanza hadi ya nne Naivasha. Katika mchanga unaofukia magurudumu na mawe yanayopasua matairi, aliyeshinda ni aliyejua wapi pa kupunguza mwendo ili gari lifike. Mwenye Fuso anayeijua njia ya Tandahimba wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Barabarani nako elektroniki imekwishaingia. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hufuatilia mabasi ya masafa marefu kwa mfumo wa VTS unaoonyesha mwendo wa gari. Kwa mmiliki mwenye akili ya biashara, mfumo huo ni zaidi ya kero. Dereva anayekimbiza gari anakula matairi, breki na mafuta ya tajiri wake, na sasa kuna kumbukumbu ya kumwonyesha.

Hesabu kwa mnunuzi mdogo

Tuchukue mfano wa gari la shilingi milioni 20. Kwa bei ya shilingi 4,120 kwa kilo, hiyo ni karibu kilo 4,850 za korosho, zaidi kidogo ya magunia 60 ya kilo 80, kabla ya makato. Sasa tuseme kompyuta ya injini imekufa na bei ya nyingine ni shilingi milioni 1.5. Hizo ni kilo 364, magunia manne na nusu. Gari likisimama wiki tatu likisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam, hasara ya safari zilizokosekana inaweza kupita bei ya kifaa chenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anashauriwa kufanya mambo matatu.

Kwanza, aulize spea za gari hilo zinauzwa na maduka mangapi Mtwara na Masasi. Jibu likiwa ni duka moja, au ni kuagiza nje tu, ajue amejifunga kwa mtu mmoja kama timu za ralikrosi. Vile vile ampate fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari hilo kabla ya kununua, si baada ya kuharibika.

Pili, asome kanuni. Gari lililozidi umri uliowekwa na sheria za kodi hutozwa ushuru wa ziada linapoingizwa nchini, na masharti ya leseni za usafirishaji hubadilika. Mtaji upangwe urudi mapema, na akiba itengwe kwa ajili ya sharti jipya litakalokuja.

Tatu, dereva achaguliwe kwa uangalifu ule ule wa kuchagua gari. Malipo yanayomsukuma kukimbizana na safari nyingi kwa siku yatarudi kwa mmiliki kama bili ya gereji.

Timu za ralikrosi zilikuwa na wahandisi, wadhamini na mikataba, na bado zilinaswa na kifaa kimoja na kanuni zisizotulia. Mkulima aliyeuza magunia 60 hana mdhamini. Gari likilala, msimu mzima wa korosho umelala nalo.