Kipimo cha PSA baada ya mpira, kamera na sindano

PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, kiungo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kazi yake ni kuyeyusha shahawa ili mbegu zisafiri kwa urahisi. Kiasi kidogo hupenya kwenye damu, na hicho ndicho maabara hupima kwa nanogramu katika kila mililita. Marekani iliidhinisha kipimo hiki mwaka 1986 kwa kufuatilia wagonjwa wa saratani ya tezi dume, kisha mwaka 1994 kwa kusaidia kuigundua. Kiwango cha 4 kimezoeleka kuwa mpaka ambao ukivukwa, uchunguzi zaidi huhitajika.

Kwa kawaida PSA huzuiwa ndani ya tezi na kuta za vifereji vyake. Saratani huziharibu kuta hizo, na PSA ikavuja. Lakini sindano, vifaa vya upasuaji na maambukizi huziharibu vilevile, na kipimo hakitofautishi chanzo kimoja na kingine.

Athari za huduma za hospitali kwa PSA hazilingani. Kupimwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa huongeza PSA kidogo tu. Utafiti wa Thomas Stamey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kuwa kuikanda tezi hupandisha PSA hadi karibu mara 2, ilhali kuchukua kinyama kwa sindano, au kuikwangua tezi kupitia njia ya mkojo, huweza kuipandisha kwa zaidi ya mara 50. Kamera ya kibofu inayopinda haina athari kubwa. Ile ngumu ya chuma huweza kuipandisha. Mgonjwa aliyefika hospitali mkojo umeziba hukutana na sababu kadhaa kwa mpigo: kuziba kwenyewe, kuwekewa mpira wa kutolea mkojo, na mara nyingi maambukizi ya mkojo.

PSA iliyokwisha kuingia kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku 2 hadi 3 hivi. Kwa mwendo wa siku 3, kiwango cha 40 kingefika 20 siku ya tatu, 10 siku ya sita na 5 siku ya tisa. Hesabu hiyo ingetimia kama uvujaji ungekoma mara moja. Kidonda kinachopona huendelea kuvujisha. Ndiyo maana baada ya kuchukuliwa kinyama, kukwanguliwa tezi au kutibiwa maambukizi hushauriwa kusubiri angalau wiki 6. Baada ya kutoa shahawa, saa 48 hutosha.

Yapo pia yanayoishusha. Kukwangua tezi huondoa sehemu ya seli zinazotengeneza PSA, hivyo kidonda kikipona kiwango hutulia chini ya kile cha awali. Tezi ikiondolewa yote kwa sababu ya saratani, PSA hutakiwa kushuka hadi isionekane. Dawa ya finasteridi, ikitumiwa kwa miezi 6 hadi 12, huipunguza kwa takriban nusu, na daktari huzidisha jibu mara 2 kabla ya kulitafsiri.

Inapowezekana, damu hutolewa kabla ya chombo chochote kuingizwa. Isipowezekana, fomu ya maabara huandikwa aina ya huduma na tarehe yake. Jibu la juu lililopatikana mapema hurudiwa baada ya muda wa kusubiri. Likibaki juu, uchunguzi wa saratani huendelea.