Skrini mbili mezani: ipi ikae mbele ya pua yako?

Mwezi uliopita alikuja kliniki, hapa Tarime mjini, mama wa miaka 34 anayefanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha mpakani Sirari. Aliingia ameshika shingo yake upande wa kulia.

"Shikamoo dokta. Nimechoka na hii presha."

Nikamwitikia, nikampima. Presha ilikuwa 118 kwa 76, ya mtu mzima mwenye afya. Lakini maelezo yake hayakuwa ya kupuuza. Kwa miezi mitatu kichwa kilimuuma kuanzia kisogoni hadi juu ya jicho la kulia. Bega lilikaza, na baadhi ya usiku alishtuka kidole gumba na cha shahada vimekufa ganzi. Alikuwa ameshatibiwa taifodi mara mbili na kuchomwa sindano za maumivu mara nne, na sasa tumbo nalo lilikuwa linamuwaka.

Nilimchunguza shingo, nguvu za mikono na hisia za vidole. Kisha nikampa karatasi, nikamwomba achore meza yake ya kazi. Akachora kibodi katikati. Mbele ya kibodi akachora skrini ndogo ya zamani. Pembeni kabisa, mwisho wa meza upande wa kulia, akachora skrini kubwa mpya, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi baada ya printa.

"Ukiwa kazini, uso wako unaangalia wapi?" nikamuuliza.

"Huku," akaonyesha kulia. "Kibodi iko hapa mbele, lakini kazi iko huku."

Ugonjwa wake ulikuwa katika maneno hayo. Mwili ulielekea mbele, kichwa kilielekea kulia, na hali hiyo ilidumu saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki.

Nimeona niandike juu yake kwa sababu meza za namna hii zimekuwa nyingi. Ziko kwa mawakala wa Sirari, kwa wahasibu na maofisa wa halmashauri, kwenye ofisi za watalii mjini Mugumu, na kwa vijana wa Nyamongo wanaoangalia mitambo na kamera kwa zamu. Skrini ya pili inarahisisha kazi sana. Lakini ikiwekwa popote penye nafasi, shingo ndiyo italipa gharama.

Shingo inapogeuka kutwa nzima

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi, karibu sawa na dumu la lita tano lililojaa maji. Kikiwa juu ya mabega, pingili za shingo hubeba sehemu kubwa ya uzito huo na misuli hufanya kazi kidogo tu. Ukikigeuza pembeni au kukiinamisha mbele, misuli ya upande mmoja inalazimika kukaza ili kukishikilia.

Kugeuka kwa muda mfupi hakuna shida, maana shingo imeumbwa igeuke. Shida ni kugeuka na kubaki hapo. Misuli iliyokaza muda mrefu hupata damu kidogo kuliko inavyohitaji, huchoka, huuma, na maumivu hupanda kisogoni hadi kwenye paji la uso. Ndiyo maana wengi hudhani ni presha, malaria au macho. Na kama pingili za shingo zimeanza kuchakaa, kukaa hivyo kunaweza kuchokoza mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, nayo ganzi ikafuata.

Mwangalie mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ukimwita kutoka pembeni, hageuzi shingo. Anageuza mwili mzima, miguu kwanza, ndipo akutazame. Sisemi mzigo wa kichwani ni mzuri kwa shingo, la. Ninasema mama huyo anajua jambo ambalo sisi wa ofisini tumelisahau: pua na kitovu vielekee upande mmoja.

Kabla ya kununua

Jiulize kwanza kama unahitaji skrini ya pili. Kama siku nzima unasoma waraka mmoja huku unajaza mwingine, kwa mfano ankara upande huu na fomu ya forodha upande ule, itakusaidia kweli. Kama utaiweka kwa ajili ya kuona ujumbe wa simu na mpira, utakuwa umejiongezea sababu ya kugeuka.

Ukiamua kununua, angalia haya:

1. Pima meza kwanza. Skrini ya inchi 24 ya umbo la kawaida la siku hizi ina upana wa sentimita 53 hivi. Mbili zinakaribia sentimita 110 zikiwa na fremu zake. Kina cha meza, yaani kutoka ukingo uliopo kwako hadi ukutani, kiwe angalau sentimita 70. Meza ikiwa nyembamba zaidi, skrini kubwa zitakuwa karibu mno na macho.

2. Zilingane. Mbili za ukubwa mmoja, na ikiwezekana za aina moja, ni bora kuliko moja kubwa na moja ndogo. Zikitofautiana kimo na mwangaza, macho na shingo hujirekebisha kila unapohama.

3. Stendi inayopanda na kushuka. Watu wengi hawaiulizii, na ndiyo yenye faida kubwa kiafya. Kama stendi haipandi, geuza skrini uone kama ina matundu manne ya skrubu mgongoni. Matundu hayo huwezesha kuifunga kwenye mkono wa chuma baadaye.

4. Uso usiong'aa. Skrini inayong'aa kama kioo cha kujitazamia itakuonyesha dirisha na taa badala ya kazi.

5. Matundu ya nyaya. Hakikisha kompyuta yako ina sehemu mbili za kutoa picha, na kwamba zinaendana na za skrini. Kompyuta mpakato nyingi zina moja tu.

Ukinunua iliyotumika, usikubali kuiona imezimwa. Iwashwe, ufungue ukurasa mweupe mtupu, uitazame kwa dakika chache. Ikitetemeka au ikiwa na madoa ya kivuli, iache.

Namna ya kuzipanga

Anza na swali nililomuuliza yule mama: macho yako yanaishi wapi? Kadiria siku yako ya kazi.

*Kama skrini moja unaitumia zaidi*, hiyo ikae mbele yako kabisa, katikati yake ikilingana na pua na katikati ya kibodi. Ya pili iguse ukingo wa ya kwanza na iinamishwe kuelekea kwako, kama mlango uliofunguliwa nusu. Ukitaka kuisoma kwa zaidi ya dakika chache, geuza kiti, usigeuze shingo.

*Kama zote mbili unazitumia sawasawa*, kingo zake zikutane mbele ya pua yako, na kila moja iinamishwe ndani kidogo ili zikuzunguke. Hapo shingo itageuka kidogo kulia na kidogo kushoto, bila kuelemea upande mmoja.

*Kama ni tatu au zaidi*, kama kwenye vyumba vya kuangalia mitambo na kamera, zipangwe kwa umbo la upinde. Zile unazotakiwa kuchukua hatua haraka ukiziona ziwe katikati. Za kutazama mara moja kwa saa ziende pembeni. Kuweka skrini muhimu juu karibu na dari ni kumlazimisha mtu ainue kidevu zamu nzima.

Umbali. Kaa, egemea kiti, nyoosha mkono mbele. Ncha za vidole ziguse au zikaribie kugusa skrini. Kwa wengi wetu hiyo ni kati ya sentimita 50 na 75. Kama maandishi hayasomeki kutoka hapo, kuza maandishi, usisogeze uso.

Urefu. Ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho yako au uwe chini yake kidogo. Ikiwa chini mno, huhitaji kununua kitu. Rimu moja ya karatasi za A4 ina kimo cha sentimita tano hivi, na moja au mbili chini ya stendi zinatosha. Hakikisha tu stendi imekaa imara.

Kwa wenzangu tuliovuka miaka 40 na kuanza kuvaa miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, shusheni skrini zaidi ya hapo. La sivyo mtainua kidevu kutwa ili msome kupitia kioo cha chini, na kisogo kitalia. Mimi mwenyewe nilitafuta chanzo cha maumivu yangu kwa wiki kadhaa kabla ya kugundua kwamba ni kidevu.

Kompyuta mpakato pamoja na skrini. Hii ndiyo hali ya wengi. Mpakato ukiutumia kama skrini ya pili, uinue kwa boksi au vitabu hadi ulingane na skrini kubwa, kisha tumia kibodi na kipanya vya pembeni. Bila hivyo utainama kwa huu na kuinuka kwa ile siku nzima.

Dirisha. Sisi huku tuko karibu na ikweta. Jua la asubuhi na la jioni huingia moja kwa moja kwenye ofisi zenye madirisha ya mashariki na magharibi. Panga meza dirisha liwe ubavuni mwako, si nyuma wala mbele, na weka pazia. Vumbi la kiangazi nalo lifutwe kwa kitambaa laini, maana skrini chafu hukufanya ukaze macho.

Mnaopokezana zamu kwenye meza moja, kumbukeni kwamba kiti kilichomfaa mwenzako mrefu hakikufai wewe. Tumia dakika mbili za kwanza za zamu kurekebisha kiti na skrini kabla ya kugusa kazi.

Vipi kuhusu macho?

Naulizwa sana kama skrini mbili hupofusha. Hapana. Zinachosha macho na kuyakausha, kwa sababu mtu anayekodolea skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Tazama mlima, mti, hata bodaboda zinazopita. Na pepesa.

Miwani inayouzwa kuwa ya kuzuia mwanga wa bluu isikumalizie fedha. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2023 haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Kapime macho, na kama unahitaji miwani, vaa ya kipimo chako.

Sindano si dawa ya meza

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Yule mama alikuwa amechomwa diklofenaki mara nne bila kupimwa, na katikati akameza ibuprofeni. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa saa chache, kisha unarudi kwenye meza ileile. Zikitumiwa mara kwa mara zinaweza kuchubua tumbo hadi livuje damu, kuumiza figo na kupandisha presha. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo asizitumie bila daktari.

Lakini usiilaumu meza kwa kila kitu. Fika hospitali bila kuchelewa ukiona lolote kati ya haya:

- mkono unapoteza nguvu, unadondosha kikombe au vifungo vinakushinda;
- miguu inayumba, au haja ndogo au kubwa imeanza kukushinda;
- shingo imekakamaa na una homa;
- maumivu yameanza baada ya ajali au kuanguka;
- kichwa kimeuma ghafla na kwa ukali usiowahi kuupata;
- maumivu ya bega au mkono yanakuja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi.

Kwa waajiri, neno moja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi dhidi ya madhara ya kazi yake, na haikuishia kwenye kofia ngumu na buti za mgodini. Karani wa shingo mbovu naye ameumia kazini.

Yule mama nilimpa dawa ya tumbo, nikamfundisha mazoezi mepesi ya shingo na mabega, na nikampa kazi moja: skrini kubwa ije mbele, ndogo iende pembeni, printa ihamie meza nyingine. Bosi wake alinung'unika kuhusu printa, kisha akakubali. Nilipomwona tena wiki nne baadaye, ganzi ilikuwa imekwisha na kichwa kilimuuma siku moja moja badala ya kila siku. Bado hajapona kabisa, maana misuli iliyoumizwa miezi mitatu haisamehi kwa wiki moja. Lakini hajachoma sindano tena.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, jipime. Kaa kwenye kiti chako ulivyozoea, egemea, weka mikono kwenye kibodi, kisha funga macho na uache kichwa kikae kinapotaka chenyewe. Fungua macho. Kile unachokiona mbele ya pua yako ndicho kinapaswa kuwa skrini unayoitumia zaidi. Ukiona ukuta, printa au mwenzako, basi hamisha skrini kabla hujafungua kazi.