Vocha ya Karo na Paa la Darasa

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza nchini Kenya mwaka 2003, serikali ilimtengea kila mwanafunzi shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa, 370 za matengenezo na mengineyo, ukiwemo ujira wa mlinzi. Ruzuku hiyo huhesabiwa kwa vichwa. Mtoto anapohamia akademia mjini Migori, shule ya umma huipoteza, ilhali paa lingali lavuja. Hiyo, kwa hakika, ni nusu ya vocha tayari! Vocha kamili, aliyoipendekeza Milton Friedman mwaka 1955, humfuata mtoto hadi shule ya kibinafsi. Lakini shilingi 1,020 hazingetosha karo ya huko. Mwana wa mvuvi wa Homa Bay angebaki alipo, akanufaika yule ambaye mzazi wake aweza kuongeza zinazopungua.