Unyanyuapo vyuma, chunga kidole gumba

Pita katika mitaa ya miji yetu jioni, nawe utawaona vijana wakinyanyua vyuma. Wenye pesa hulipia jimu. Wengine wana bomba la maji lenye mkebe wa saruji kila upande. Zoezi lenyewe ni zuri, kwani huimarisha misuli na mifupa ya wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Lakini kila mmoja atakwambia anabeba kilo ngapi. Ni nadra kumsikia akieleza jinsi anavyokishika chuma.

Hatari kubwa iko kwenye benchi. Umelala chali, unasukuma chuma kilicho juu ya kifua, na kidole gumba umekiweka upande mmoja na vidole vingine. Wapendao mshiko huu hudai kwamba hauumizi kifundo cha mkono. Hata hivyo, gumba ndilo kufuli. Bila gumba, jasho kidogo tu latosha kukitelezesha chuma hadi kifuani au shingoni. Mbavu huvunjika, koo hupondeka, na kuna watu waliopoteza maisha kwa namna hii. Ndiyo maana sheria za IPF, shirikisho la kimataifa linalosimamia mashindano yenye zoezi hili, humlazimu mshindani kukizungushia chuma gumba. Sheria hizo pia haziruhusu nafasi kati ya vidole vya shahada kuzidi sentimita 81.

Mikono ikitanuliwa kupita kiasi, bega ndilo huumia. Kipimo chepesi ni hiki: chuma kinapogusa kifua, mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo uwe umesimama wima.

Kisha tazama kifundo chenyewe. Kiweke chuma sehemu ya chini ya kiganja ili uzito ushukie mifupa ya mkono. Kikikaa karibu na vidole, kifundo hupinda nyuma na neva inayopita hapo huweza kubanwa. Ukihisi ganzi katika gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, pumzisha mkono na umwone daktari.

Je, unapoinua chuma kutoka sakafuni? Wengi hugeuza kiganja kimoja kitazame mbele ili chuma kisizunguke mkononi. Mbinu hii husaidia, lakini mkono uliogeuzwa ndio ulio hatarini. Ukikikunja kiwiko wakati wa kuvuta, kano ya msuli wa mbele huweza kukatika. Utasikia kitu kikikatika, kisha msuli utapanda juu kama mpira na ngozi iwe na weusi wa damu. Usingoje wiki kadhaa ukijikanda kwa maji moto; nenda hospitali mara moja, kwa sababu kano hiyo huunganishwa kwa urahisi zaidi mapema. Kwa uzito wa kawaida, viganja vyote vikutazame wewe na viwiko vinyooke.

Sasa kwako wewe mwenye bomba la saruji. Chuma kinachotumiwa na wanaume katika unyanyuaji wa Olimpiki kina unene wa milimita 28, na cha wanawake 25. Bomba likiwa nene hata gumba lishindwe kuvifikia vidole vingine, mshiko wako ni dhaifu kabla hujaanza. Tafuta jembamba zaidi, lakini liwe imara. Isitoshe, mtu aliyebanwa na chuma cha jimu kisicho na vibanio anaweza kukiinamisha upande mmoja, uzito ukateleza hadi sakafuni. Saruji iliyogandamana na bomba haitoki. Kwa hivyo usilale chini ya mzigo huo ukiwa peke yako. Mwenzako asimame upande wa kichwa chako, mikono tayari.

Kabla ya kunyanyua, futa jasho au ujipake chaki, zungusha gumba, nyoosha kifundo. Kama mkono hauwezi kukishika chuma barabara, punguza uzito. Kilo zitaongezeka polepole. Shingo unayo moja tu.